Umenunua gari la gesi Dar? Kagua mtungi kabla hujapakia samaki

Magari ya gesi yanayoingia gereji kwangu Nyakato, mengi hayakufungiwa mtambo wa gesi hapa Mwanza. Yamenunuliwa Dar es Salaam kwa madereva wa teksi, IST, Probox, Noah, bei imepunguzwa kidogo, na mnunuzi akaambiwa "hili linatumia na gesi" kama anavyoambiwa kuwa lina redio. Anafika nalo huku, anaendesha kwa petroli, na ule mtungi wa kwenye buti anauhesabu kuwa ni mzigo uliosahauliwa na mwenye gari wa zamani. Juu yake anaweka beseni la sangara na barafu. Hapo ndipo huwa naanza kusema.

Kazi ya gesi nilijifunza Dar, nikarudi nyumbani nayo. Ninayoandika hapa ndiyo ninayomwambia mteja tukiwa tumeinama pamoja nyuma ya gari lake, ila hapa hatukatizwi na simu. Niseme msimamo wangu mapema: gari la gesi lililofungwa na fundi aliyeidhinishwa silihofii kuliko la petroli. Ninachohofia ni mtungi usio na wa kuuangalia.

"Fundi, mbona mtungi umeisha"

Gesi asilia yetu inatoka Songo Songo, Kilwa, na Mnazi Bay, Mtwara. Bomba kubwa la inchi 36 lililokamilika mwaka 2015 linaileta Dar, na huku kwetu halijafika. Ili iingie kwenye gari, gesi hiyo inashindiliwa mpaka mgandamizo wa bar 200. Tairi la IST yako lina bar 2 na ushee. Mtungi wa lita 60 ukijaa unabeba kama kilo 10 za gesi, na kilo moja inakwenda mbali kidogo kuliko lita moja ya petroli. Kwa hiyo ukijaza Ubungo, ukifika Morogoro au mbele yake kidogo taa za kuonyesha gesi kwenye dashibodi zimeshuka, na usipopata kituo njiani, safari iliyobaki, katika zile kilomita zaidi ya 1,100 za kuja Mwanza, ni petroli tupu.

Lakini kuisha kwa dashibodi na kuisha kwa mtungi ni mambo mawili. Mtambo unahamia petroli wenyewe pale mgandamizo unaposhuka kiasi cha kushindwa kulisha injini, na ndani ya mtungi zinaweza kubaki bar 10 au 20. Hizo bado ni mara kadhaa ya tairi lako, na gesi yake inawaka kama ile ya juu. Wengine wanafika na nusu mtungi kabisa kwa sababu muuzaji aliweka swichi kwenye petroli akaiacha hivyo. Taa za kijani za dashibodi usiziamini peke yake, waya wake ukichubuka zinasema uongo. Geji ya kweli iko kwenye mtambo wenyewe, mara nyingi chini ya boneti. Mimi kila mtungi unaoingia getini nauhesabu umejaa mpaka nijiridhishe vinginevyo.

Gesi ya jikoni ikae jikoni

Swali hili naulizwa na watu wenye akili zao kabisa: kama gesi ya magari huku haipatikani, kwa nini tusiingizie ile ya kupikia? Silicheki, kwa sababu linatoka kwa mtu anayetaka kubana matumizi. Jibu ni hapana, na si hapana ya kubembelezwa.

Gesi ya jikoni ni propani na butani. Inakaa ndani ya mtungi ikiwa kimiminika, kwa mgandamizo mdogo tu, bar chache. Gesi asilia ni methani, inakaa ikiwa hewa iliyoshindiliwa kwa bar 200. Valvu, regyuleta (ile ya kushusha mgandamizo) na injekta za gari la CNG, yaani la gesi asilia iliyoshindiliwa, zimepimwa kwa methani. Ukiingiza ya jikoni unapeleka kimiminika mahali palipotengenezewa hewa. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: mtungi wa jikoni haukutengenezwa kuhimili hata robo ya bar 200. Mtu akikuambia anaweza kukuhamishia gesi kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine kwa mpira na kibano, chukua funguo za gari lako uondoke. Usibaki kubishana naye, na wala usibaki kumwangalia.

Kuna tofauti nyingine inayokusaidia siku ya kuvuja. Methani ni nyepesi kuliko hewa, inapanda juu na kutawanyika. Ya jikoni ni nzito, inashuka na kutuama sakafuni. Kwa gari la CNG lililoegeshwa nje, au chini ya banda lenye upenyo juu, gesi inayovuja inajiondokea. Banda lenye dari iliyozibwa vizuri ndilo linaloikusanya. Ikishafikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya mahali pale, cheche moja ya swichi ya taa inatosha. Watu hupenda kusema methani ni salama kwa kuwa inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 500 kujiwasha yenyewe, na petroli inahitaji karibu nusu ya hapo. Ni kweli, lakini cheche haisubiri joto hilo lienee.

Kagua mtungi kabla hujalipa

Kama bado hujatoa hela, bahati yako. Omba kwanza cheti cha ufungaji, chenye jina la karakana na namba ya mtungi. Kisha nenda kwenye mtungi wenyewe na tochi. Mtungi wa chuma una maandishi yaliyogongwa begani, karibu na shingo. Ule uliovikwa nyuzi una lebo iliyofunikwa na gundi ngumu inayong'aa. Tafuta haya: namba ya mtungi, ilingane na ya kwenye cheti, kiwango cha ubora kilichofuatwa, ISO 11439 au ECE R110, mgandamizo wa kazi, bar 200, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na tarehe ya mwisho ya kutumika. Kwa ISO 11439 umri wa mtungi hauzidi miaka 20, na watengenezaji wengine wanatoa pungufu ya hapo. Katikati ya umri huo nchi nyingi zinataka upimwe upya kila miaka mitatu hadi mitano. Begani pamepigwa msasa, au namba imefunikwa na rangi nzito? Mimi sinunui, na mteja wangu simshauri anunue.

Halafu shika mtungi kwa mikono miwili, utikise. Mtungi usicheze hata kidogo. Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito unaokaribia kilo 60, na R110 inataka vifungo vyake kwenye gari dogo vihimili nguvu ya mara 20 ya uzito wake kuelekea mbele. Hiyo ni zaidi ya tani moja inayosukuma mgongo wa kiti siku utakapogonga nguzo. Kwa hiyo chungulia chini ya gari uone boliti zimetokea wapi. Ziwe na sahani nene ya chuma upande wa chini. Boliti iliyopita kwenye bati tupu la sakafu, ikiwa na washa ndogo tu, ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Barabara zetu za mawe, kuanzia Mabatini kupanda huko vilimani, zinailegeza mapema.

Sasa kutu, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ziwa linapoingia kwenye habari hii.

Aliniletea Noah mama mmoja mfanyabiashara wa kayabo pale Mwaloni, Kirumba. Gari limetoka Dar, mtungi wa chuma uko nyuma ya kiti cha mwisho. Kayabo, kwa asiye wa kanda hii, ni sangara aliyepasuliwa na kukaushwa kwa chumvi. Mizigo ile inachuruzika maji ya chumvi, siku moja, siku ya pili, mwezi. Kwa juu mtungi ulikuwa safi, rangi yake nyeupe inapendeza. Nilipohakikisha valvu imefungwa na gesi iliyobaki imekwisha kutolewa kitaalamu, nikalegeza mkanda wa kwanza. Raba ya chini yake iling'oka na rangi. Palikuwa na utepe wa kutu wenye upana uleule wa mkanda, mwekundu pembeni, mweusi katikati, na ukingoni chumvi imeganda punje punje. Nikapitisha ukucha taratibu, ukakwama. Vishimo.

"Si tupige msasa tupake rangi?" akaniuliza.

"Mayu, rangi haiongezi chuma," nikamwambia.

Kutu ya juujuu inayofutika ni suala la mkaguzi kuamua. Vishimo vinavyokamata ukucha, kovu la kuchomelewa, alama ya grenda, bonde la kugongwa, au rangi iliyobabuka kwa moto, mtungi huo hautibiwi gereji. Hauchomelewi, haujazwi pati, haunyooshwi. Wewe usijaribu kulegeza mkanda mwenyewe. Tumia tochi na kioo kidogo kuchungulia pembeni ya raba, ukiona wekundu unachungulia nje, ujue ndani kuna zaidi. Na mtungi wa nyuzi usikudanganye kwa kuwa hauoti kutu. Nyuzi zake ni kama za nyavu, zikikatika chache mzigo unahamia kwa zilizobaki. Mkwaruzo unaoshika kucha, doa jeupe lililofifia baada ya kugongwa, au tindikali ya betri iliyodondokea pale, vyote vinataka mkaguzi.

Kwa hiyo samaki wabebwe vipi? Kwenye gari lingine, kama unalo. Kama huna, boksi lenye mfuniko na lisilovuja, kamwe si gunia wala beseni wazi, na lisikae juu ya mtungi. Maji ya barafu yakimwagika, suuza kwa maji baridi, fungua buti mpaka pakauke. Mashine ya presha usiielekeze kwenye mkanda wala kwenye valvu, inasukuma maji mahali yasipotoka. Na wale mnaoingiza gari ziwani mpaka nusu tairi kuoshea, hasa yenye mtungi chini ya sakafu, acheni.

Povu, si kiberiti

Gesi asilia haina harufu. Ile ya yai bovu inaongezwa makusudi ili pua ikuonye. Sasa niambie, ndani ya Noah iliyobeba kayabo mwezi mzima, pua itakuonya nini? Ndiyo maana huku kwetu nasisitiza povu.

Toa gari nje, mahali pana upepo. Zima injini, fungua milango na buti. Chukua kikombe cha maji, sabuni ya vyombo kidogo, na brashi ya rangi iliyo laini. Paka shingo ya valvu inapoingia kwenye mtungi, kisha kila nati ya paipu ya chuma inayokwenda mbele, kisha mdomo wa kujazia. Subiri dakika nzima kila mahali, usiwe na pupa. Mvujo mdogo unajenga povu dogo kama la mate, polepole. Kama mtungi una gesi ya kutosha kuwasha injini, iache iungurume kwa gesi na upake viungo vya regyuleta na mipira ya injekta, ukichunga mkono usiguse feni. Ukiona povu, zima injini na ufunge koki ya mkono kwenye valvu ya mtungi. Ijue ilipo leo, siyo siku ya tatizo. Nyingine ni ya robo mzunguko, nyingine ya kuzungusha kama bomba la maji. Kisha mwite fundi wa gesi.

Usikaze nati yenye povu. Najua mkono unawasha spana ikiwa karibu. Nati yenye bar 100 nyuma yake ikikatika uzi, inatoka kama risasi, na uso wako ndio uko mbele yake. Kwanza mgandamizo utolewe, kisha ndipo ikazwe au ibadilishwe.

Ukiwa hapohapo kwenye buti, tafuta mfuko mnene wa plastiki au kiboksi kinachofunika valvu, chenye mipira miwili inayotokea chini ya gari. Kazi yake ni kupeleka nje chochote kitakachovuja. Wengi wanaung'oa ili buti liwe kubwa, na mafundi muziki ndio wanaoongoza. Fundi muziki mwangalie sana. Anatoboa sakafu ya buti kwa ajili ya spika na waya wa amplifaya bila kujua paipu ya gesi imepita wapi, kisha anaweka betri ya pili pembeni ya valvu. Kabla hajashika drili, mwonyeshe paipu kwa kidole. Fundi bodi vilevile: kuchomelea karibu na mtungi, au kuliweka gari kwenye chumba cha kukaushia rangi kwa joto, mtungi uwe umeshatolewa na mtu anayejua.

Barafu saa nane mchana

Kuna jambo linawashangaza madereva waliobakiza gesi kidogo na kuamua kuimaliza. Gari linakohoa, wakifungua boneti regyuleta imevaa weupe wa barafu, na jua la Mwanza liko utosini. Gesi ikishuka ghafla kutoka mgandamizo mkubwa kwenda mdogo inapoa sana, ndiyo maana regyuleta imeunganishwa na maji ya rejeta ili ipashwe. Barafu ina maana maji hayafiki: yamepungua, mpira umeziba, au kuna hewa ndani. Hamia petroli, subiri injini ipoe, angalia maji. Usimwagie regyuleta maji ya moto.

Vivukoni mambo ni mafupi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wengi hatupandi tena pantoni upande ule, ila kuna Kamanga, na kuna Kisorya kwenda Rugezi kwa wa Ukerewe. Kabla ya kupanda, weka petroli, funga koki ya mtungi, na mwambie anayepanga magari kuwa hili ni la gesi. Akikupanga pembeni penye upepo, shukuru.

Ukirudi Dar kujaza: wote washuke, injini izimwe, sigara na simu mbali, na usimshawishi mjazaji apite bar 200. Kama cheti kimeisha muda na kituo kikakukatalia, kituo kiko sahihi.

Ukigonga, au ukiona moshi

Zima swichi ya injini. Valvu ya umeme inajifunga yenyewe hapo, ukiiwahi koki ya mkono bila kujihatarisha ifunge pia. Toa watu wote. Moto mdogo kwenye boneti, kizimio cha poda kinaweza kukusaidia. Moto ukiwa umekaribia mtungi, usiusogelee: nenda mbali, mita 100 au zaidi, upande upepo unakotoka, na piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jambo la kwanza kuwaambia ni kuwa gari lina mtungi wa CNG na umekaa wapi.

Kwenye mtungi kuna kifaa kinachoyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 110 na kuachia gesi yote kabla chuma hakijapasuka. Kikifunguka utasikia mlio mkali na pengine utaona ulimi mrefu wa moto. Unatisha, lakini hivyo ndivyo kilivyokusudiwa. Mwambie kila aliye karibu asijaribu kuuzima ule ulimi. Ukizimwa gesi ikaendelea kutoka, inajikusanya ikitafuta cheche nyingine. Na wanaokimbilia ajali kuchukua mafuta au kupiga picha, wafukuzeni kwa sauti kali.

Baada ya ajali, hata kama mtungi hauna alama, haujazwi tena mpaka ukaguliwe.

Ukiamua kuutoa

Wengi mwishoni wananiambia, "Fundi toa tu, nataka buti langu." Sawa kabisa, kwa anayeishi Mwanza na haendi Dar ni uamuzi wa maana. Tatizo ni mtungi unakwenda wapi.

Asiuchukue mnunuzi wa chuma chakavu. Wao wanakata kwa moto, na mtungi wenye mabaki ya gesi hauna huruma na moto wa kukatia. Fundi tairi naye anaupigia hesabu ya kuufanya tangi la kompresa, ameshaniomba mara nyingi na nimeshamkatalia mara zilezile. Upepo wa kompresa unaingia na unyevu, kutu inaanzia ndani asikoiona, kwenye mtungi ambao tayari umekataliwa. Usiufungue koki uani ili "utoe upepo". Gesi inayotoka kwa kasi inazalisha umeme tuli, na jirani ana jiko la mkaa. Karakana zilizoidhinishwa, kama ile ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, zina namna ya kuutoa gesi, kuupima, na ukikataliwa kuuharibu usitumike tena. EWURA, wadhibiti wa nishati, na TBS, shirika la viwango, wana ofisi hapa Mwanza kanda ya ziwa. Ulizia kwao nani anaruhusiwa kuishika kazi hiyo kabla hujamwachia mtu yeyote funguo.

Ukitolewa, hakikisha fundi ameondoa pia paipu ndefu ya chini ya gari, valvu ya kujazia, regyuleta na injekta za gesi, na mipira ya maji ya rejeta ameirudisha ilivyokuwa. Stika ya CNG ya nyuma uibandue, zimamoto wasihangaike na mtungi usiokuwepo. Na yale matundu ya boliti na ya mipira ya hewa kwenye sakafu ya buti yazibwe kwa raba na silikoni, vinginevyo moshi wa ekzosi utaingia ndani ukiwa umefunga vioo, na huo hauna hata harufu ya yai bovu ya kukuamsha.